Droni Ambayo Sitakuchagulia

Nyawira mwanangu, Maitu,

Nakuandikia nikiwa dukani, kwenye meza ya kukatia picha za pasipoti. Nimerudisha mlango nusu ili mteja akija ajue nakaribia kufunga. Ni jioni, na wewe umeenda kwa cucu, nyanya yako, kuaga kabla ya kuhamia Kenol kesho. Tangu Jumapili nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umekula. Kwa hivyo nimechukua karatasi.

Mambo ya godoro, mtungi wa gesi na mahali pa kushuka Kenol usije ukapitishwa, baba yako ameshakuambia mara tatu na kesho asubuhi atakuambia ya nne. Simwingilii. Mimi niko na jambo moja tu, na ni la droni.

Jumapili baada ya chakula nilikuuliza utanunua ipi. Pesa yako inatosha moja, na wale watu wa Kenol waliokuita kazini umeshawaambia kwamba utaanza kazi yao ya harusi ukiwa na yako. Kuna ile ndogo mpya iliyo dukani Kenol. Kuna ile kubwa ambayo yule bwana wa Kagio anauza kwa sababu amerudi kulima mchele. Wewe ukaendelea kusugua sufuria, hata hukuinua macho. Ukasema, "Chagua tu wewe, Mama. Mimi nitabeba yoyote."

Niliingia chumbani nikajifanya natafuta miwani, na ilikuwa kichwani. Hiyo "nitabeba" imenikaa kifuani siku nne. Mtu aliyefuzu mafunzo ya kurusha, ambaye mwalimu wake alinipigia simu kuniambia mkono wake umetulia kuliko wa wanaume wote wa darasa lile, hasemi atabeba. Anasema atarusha. Na najua ni nani aliyekugeuza kuwa mbebaji.

Kwanza nikuambie vile nilinunua yangu, kwa sababu ile hadithi uliyoizoea nimeipamba. Huwa nasema nilichukua droni kubwa kwa ajili ya upepo wa mlima. Upepo ni kweli. Ukipita saa nane mchana pale Naro Moru unaona miti yote imeinamia upande mmoja kama watu wanaosikiliza umbea. Lakini siku naingia dukani kununua, upepo haukuwa kichwani mwangu hata kidogo. Kichwani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi za kanisa letu.

Unajua nilikotoka. Nilianza kwa kufagia studio ya mtu. Nikajifunza kuosha filamu gizani nikihesabu sekunde kwa midomo, kwa sababu saa ya ukutani haionekani gizani na ya mkononi sikuwa nayo. Hadi leo ukinipa sekunde mia tatu nitakuhesabia bila kukosea mbili. Harusi za kanisa lile nilizipiga picha miaka kumi na minne. Maharusi niliowapiga wakaniletea watoto wao niwapige wakibatizwa. Halafu siku moja mwenyekiti akaniita nje, akiwa ameshika chai, akaniambia, "Mama wa picha, wewe utashughulika na hizi za chini. Za juu tumetafuta kijana kutoka Nairobi."

Za chini. Miaka kumi na minne, kumbe nilikuwa wa za chini.

Kwa hivyo nilipofika dukani sikuuliza inaruka dakika ngapi. Sikuuliza uzito, wala betri, wala kamera inaonaje kukiwa na ukungu. Nilimuuliza yule kijana swali moja: "Kati ya hizi, ni gani mtu akiwa ndani ya kanisa ataisikia?" Akanitazama. "Mama," akasema, "watu huuliza ni gani haisikiki." Nikamwambia anionyeshe hiyo inayosikika.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilinunua ili nionekane, na sikujua kwamba kila nitakaporusha, mkono wangu utakumbuka sababu hiyo hata kama mimi nimeisahau.

Sasa Kangema. Najua hupendi kutajiwa. Vumilia.

Ilikuwa ngurario, ile sherehe ya kimila ya kukamilisha ndoa, kwenye boma lililo juu ya mgongo wa kilima katikati ya majani chai. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Kazi yako ilikuwa kusimama na ubao wa kutulia droni na kuniambia iko wapi hasa, kwa sababu mimi macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Wageni walikuwa wamejaa, na kwenye viti vya mbele, upande wa bwana harusi, nani alikuwa ameketi? Mwenyekiti wa kamati. Nilimwona kabla hata sijaweka betri.

Wakaleta wasichana watano waliofunikwa kwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, bibi harusi akiwa mmoja wao, ili bwana harusi amtambue mkewe. Wenyewe walikuwa wajanja. Waliwavalisha wote soksi nyeupe, hata miguu isiseme. Kutoka juu, mita ishirini, leso zile tano zilikuwa kitu cha ajabu. Nilitaka nishuke polepole, zizidi kukua, mpaka zijae kwenye picha yote. Ile video ingeonyeshwa kila mahali. Mwenyekiti angeiona kwenye simu ya mkewe.

Ukasema, "Mama, hapo panatosha."

Nikashuka.

"Mama, iko chini sana."

Nilikusikia. Mara zote mbili nilikusikia vizuri sana.

Leso ya msichana wa tatu ikajaa upepo kama gunia tupu, ikampita kichwani, ikaenda kuning'inia kwenye ua. Bibi harusi akabaki hapo na nywele zake za siku mbili, mdomo wazi. Bwana harusi akacheka, akanyoosha kidole. "Ni huyo." Wanawake wa upande wake wakapiga ngemi, vigelegele vya shangwe.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Yule mnene, mwenye kofia ya sufu. "Hapana," akasema. "Hiyo ni macho ya mashini. Si macho ya mwanamume."

Msemaji wa kina bwana harusi akainuka polepole, ameshika fimbo. "Tata, shangazi yetu, tunakuheshimu. Lakini bibi ameonekana. Sisi hatujafunua mtu. Ni upepo."

"Upepo gani uko na betri?"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akamwaga uji. Mimi sikucheka, kwa sababu shangazi alikuwa amenigeukia. "Na wewe mama. Si hata wewe ulifunikwa leso siku yako? Ama wewe uliokotwa sokoni?" Uwanja mzima ukanitazama. Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono kifuani. Nami nikanyoosha kidole, mwanangu. Nikasema, "Ni huyu msichana aliniambia nishuke."

Shangazi akakutazama. "Mtoto, ati macho yako iko wapi?"

Hukunikana mbele ya watu, ingawa ulikuwa na haki yote. Uliweka ubao chini, taratibu, ukaenda kuokota ile leso kwenye ua na kumrudishia bibi harusi kwa mikono miwili.

Yaliyofuata ndiyo watu wa kwetu hupenda kusimulia: vile wasichana walivyorudishwa nyuma ya nyumba wakachanganywa upya, na bwana harusi, aliyekuwa amemwona mkewe waziwazi dakika kumi zilizopita, akachagua binamu wa mkewe. Shangazi akaridhika, akasema sasa hayo ndiyo macho ya mwanamume. Hata mimi nimeyasimulia hivyo nikicheka. Nikifika kwenye kidole changu naruka.

Sasa kuna jambo hujui.

Jumatatu yake, wewe ukiwa shuleni na baba yako kazini, nilitundika leso kwenye kamba nyuma ya nyumba. Siwezi kuacha jambo bila kulipima, unanijua. Nilifunga utepe kwenye mti wa mkima ulio hapo kando, nikautia alama kila nusu mita, nikairusha droni juu ya leso na kuanza kuishusha alama moja baada ya nyingine. Kwa mita saba, hakuna kitu. Kwa mita sita, ncha ya leso ilitikisika kama sikio la ng'ombe. Kwa tano ilikuwa inacheza. Kwa nne ilisimama sambamba na ardhi. Kwa tatu na nusu ilichomoka na vibanio vyake.

Halafu nikafungua kumbukumbu ya rimoti, kwa sababu mashine ile huandika kila safari, urefu wake na saa yake. Kangema, wakati ule leso ilipoondoka: mita tatu na nukta nne.

Na uliposema "hapo panatosha", nikihesabu sekunde kurudi nyuma, ilikuwa mita saba na nukta moja.

Ulikuwa umesimama chini na ubao mkononi, bila skrini, bila utepe, na ulisimamisha mahali hasa ambapo mimi nilihitaji asubuhi nzima na vibanio kumi kupajua. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikatazama namba zile. Nikasema nitakuambia jioni. Jioni ulikuja, ukachukua betri ukaziweka kwenye chaji, ukaulizia chakula, na mimi nikanyamaza, kwa sababu namba zote zilikuwa upande wako. Nimenyamaza miaka mitatu. Kwa miaka hiyo umebeba, umechaji, umekata video zangu usiku na mchana, na rimoti hukuigusa tena nikiwepo. Ukaenda kujifunza kurusha kwa watu wasiokujua.

Nisamehe. Nimeliandika neno hili hapa, kabla ya hesabu za betri, ili lisije likafichwa na mengine.

Baada ya siku ile ya kamba, nilianza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza dukani. Nakupa niliyopata, si kwa sababu nataka uelekee upande fulani. Nakupa kwa sababu yananifurahisha, na sijapata mtu wa kuambia. Baba yako nikianza mambo ya betri analala.

Niliazima ndogo ya kijana wa studio iliyo ng'ambo ya barabara, nikaipeleka buchari ikapimwe. Haikufika robo kilo. Mwenye buchari akaigeuza juu ya mizani akasema, "Hii hata supu haitoi." Niliirusha juu ya leso ile ile. Ilibidi nishuke hadi mita mbili na nusu kabla leso haijajua kuna mtu. Lakini saa nane mchana, upepo wa mlima ulipoanza, niliiambia ikae mahali na ikawa inakaa imelala upande, inapiga kelele kama mbu aliyekasirika, na betri ilikwisha upesi sana. Ile kubwa wakati huo huo ilisimama kama msumari. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie ndogo ni ya watoto, na usikubali akuambie kubwa ni ya wazee wasiojua. Swali ni harusi ya saa ngapi, na wapi.

Boksi la kubwa linasema dakika thelathini. Hewa ya huku kwetu ni nyepesi, na sikujua kwamba panga zake zinazozunguka huumia kama mtu anayepanda mlima. Nilipima kwa kuhesabu. Kagio, kule chini kwenye joto, ishirini na sita. Hapa Nyeri ishirini na nne. Naro Moru asubuhi ya baridi, ishirini kamili. Ukitoa robo ya kurudi nayo nyumbani, unabaki na kumi na tano. Yaani boksi limesema ukweli wa mahali pengine.

Sasa weka hizo kumi na tano mbele ya lango. Unajua wageni wa bwana harusi wanavyofungiwa nje waimbe mpaka wenyewe wa ndani waridhike. Nimepima malango kumi na moja. Fupi lilikuwa dakika tisa, refu hamsini na mbili. Vijana wote huinua droni gari la kwanza likionekana, na lango likifunguliwa wao wako chini wanabadilisha betri. Mimi nilikuja kugundua kwamba wanawake wa ndani, wakianza kuitikia wimbo badala ya kuukataa, lango halipiti dakika nne. Basi nasubiri waitikie. Jambo hili halimo kwenye kitabu cha droni yoyote. Sijui kama huko Kenol malango huenda hivyo, au wameshazoea haraka ya barabara kuu. Ningependa sana kujua. Ukilipima moja, niandikie.

Na kuna ile ya migongo ya Murang'a iliyonisumbua mwezi mzima. Droni huhesabu urefu kutoka mahali ilipoinukia. Ukiinukia juu ya kilima ukaipeleka bondeni, inakuambia iko mita arobaini na kumbe iko mia. Ukiinukia bondeni ukaipeleka ng'ambo, inakuambia arobaini huku majani chai yanaigusa tumbo. Niliishika rimoti nikawa naiuliza kama mtu, "Arobaini ya nani?" Nadhani hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza mashine.

Karatasi za ruhusa za watu wa anga unazijua kuliko mimi, na unajua Nanyuki kuna ndege za jeshi. Siingii huko.

Unaona vile nilivyo. Nikianza siachi. Na unaona pia hatari yake, kwa sababu sasa hivi nimekaribia kuandika jina la ile ningenunua mimi. Nina jibu. Nimelipiga hesabu mara mbili. Silisemi.

Nikikuchagulia, droni itakuwa yako na mkono utakuwa wangu. Siku mwenye pesa ya harusi atakapokusimamia begani akuambie shuka kidogo, shuka tena, utageuka moyoni kunitafuta mimi, na mimi ndiye yule aliyeshuka mpaka mita tatu na nukta nne kwa sababu ya mwanamume aliyekunja mikono. Afadhali ujitafute wewe. Wewe wa miaka kumi na saba tayari ulikuwa unajua.

Bwana wa Kagio alinipigia mchana. Anasema kesho ukipita Sagana uchepuke kwake, na kwamba kwa kuwa mimi ni mzoefu, nimwambie tu bei yetu na vile tumeamua, asipoteze muda na msichana. Alisema hivyo hivyo, "asipoteze muda na msichana." Nilimwacha amalize. Halafu nikamwambia anayekuja ndiye rubani, ana karatasi yake, mimi sina hata moja. Nikamwambia akiwa na la kuuliza amuulize rubani, na rubani akiondoka bila kununua, asinipigie. Akauliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana, leo sijakasirika. Na ilikuwa kweli, jambo ambalo mimi mwenyewe nililishangaa.

Huenda ukachukua ya kwake. Huenda ukaipita, ukashuka Kenol, ukachukua ile ndogo. Huenda ukaona zote mbili hazifai, ukawaambia wale watu wakupe mwezi, na hilo nalo ni kuchagua. Mimi kesho nitakuwa hapa dukani, simu iko mezani.

Ukishalipa, nipigie. Usiniulize kama umefanya vizuri. Sitajibu, nitakata simu, na wewe unajua naweza. Niambie tu umechukua ipi, halafu niambie kwa nini, pole pole, moja baada ya nyingine, na mimi nitanyamaza nisikilize mpaka umalize.

Mama yako